Boksi la Mama Winnie

Mkuyuni, 3 Februari 2025

Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Habari za Misungwi, na mguu unaendeleaje? Mimi mzima, kazi zipo.

Jana nilivuka kwenda Kamanga, kwa kina Winnie wangu. Mama yake ana boksi la kuangalia sinema kwa intaneti, kila mwezi analilipia kama hana akili. Nikalichomeka kwenye kompyuta yangu, nikatoa kufuli walizoweka wenye kampuni, nikaingiza programu zangu. Sasa anaangalia dunia nzima bure! Ukipeleka posa Jumamosi ya tarehe 22 utapokelewa kwa vigelegele. Washamba sana wale, hata rimoti wanaishika kama yai.

Mwanao,
Obedi

Misungwi, 5 Februari

Mwanangu Obedi,

Marahaba. Mguu unauma, lakini Kamanga utanifikisha. Tangu kaka yangu afariki, mdomo wako ukweni ni mimi.

Hebu nieleze, ulikaa sebuleni kwa mama mkwe kwa ruhusa ya nani? Kwetu Wasukuma mkwe hupishwa njia, wewe umekwenda kuchutama mbele ya televisheni yake na kumgeuzia mgongo! Na hicho cha bure, mwenye nacho anakula nini? Unapeleka ukweni kitu cha wizi halafu unajisifu. Ukweni hupelekwa kitenge na sukari. Rudisha boksi lilivyokuwa.

Shangazi yako

Mkuyuni, 6 Februari

Shangazi,

Shikamoo, pole na mguu. Mambo ya kupishana njia ni ya enzi za babu Ngosha. Na wizi gani? Mtaje huyo aliyeibiwa. Nimefungua maboksi nusu ya Mkuyuni, hajalalamika mtu. Wewe shughulika na posa, kompyuta niachie mimi.

Obedi wako

Misungwi, 17 Februari

Obedi,

Hali sikuulizi. Ungekuwa na aibu ungekuwa umelazwa.

Jana jumuiya ilikutana kwa Mama Winnie. Wakawasha boksi wafuate misa. Katikati ya mahubiri likaruka tangazo: wanawake uchi wa mnyama, wanajinyonganyonga, sauti juu! Wanabonyeza rimoti, linakuja jingine. Katekista Nestory akavua koti akafunika televisheni, wale wakaendelea kuguna chini ya koti. Mama Winnie anasema hajawahi kuona mkwe anayewavua watu nguo mbele ya mama mkwe wake. Mdharau mwiba wewe!

Winnie amenipigia analia. Anasema bado anakutaka. Vuka kesho, nenda kwa katekista akupeleke, upige magoti. Mbuzi wa faini nitatoa mimi.

Shangazi yako

Mkuyuni, 18 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Yale ni matangazo tu, programu za bure ndivyo zilivyo. Wangebonyeza kitufe cha kurudi, basi. Yaani nikapige magoti kwa watu wasiojua kubonyeza? Na televisheni kuifunika koti ni kuiunguza, wao ndio waniombe radhi. Nina wateja hapa. Nenda Jumamosi uwaeleze polepole, wataelewa tu.

Obedi

Misungwi, 23 Februari

Obedi,

Nakuandikia kwa sababu sauti yako sitaki kuisikia.

Jana nilivuka na kivuko cha asubuhi. Wale washamba wako wamenipa kiti kizuri, wao wakakaa mkekani. Nimekula ugali na sato mpaka nikashindwa. Mbuzi nimemtoa, Mama Winnie kampokea, akasema yamekwisha, sasa mgeni aseme kilichomleta.

Kabla sijasema, Winnie akauliza, "Shangazi, Obedi mwenyewe kasemaje?"

Nikamsomea jibu lako, neno kwa neno. Nilitaka kuruka mahali, nikashindwa, maana macho ya mtoto yalikuwa kwangu. Kisha akaniuliza, "Ningekuwa binti yako wa kunizaa, ungeniambiaje?"

Nilikwenda kukuposea, Obedi. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Pasaka. Nikafungua mdomo huu huu nikamwambia, "Mwanangu, usiolewe naye. Leo anamcheka mama yako, kesho atakucheka wewe."

Akanishika mikono, akanishukuru. Posa nimerudi nayo, iko hapa kabatini.

Ni mimi shangazi yako, hilo halina dawa,
Wilhelmina