Vita vya Chikichi

Rumonge, 10 Februari 1972

Kwako mupwa wangu Amuri, jenerali wa jeshi lenye njaa,

Amahoro, amani iwe kwako. Huku sisi wazima, isipokuwa goti langu, linalonung'unika kuliko mke wangu Kulthumu. Wewe na kazi yako ya stesheni hapo Kigoma mnaendeleaje?

Barua yako ilifika. Umeandika: "Kikosi cha kaskazini kivuke mto." Basi? Nani amechota maji? Nani amebeba chumvi? Nani anaumwa mguu? Tulipochora hizi mbao mbili ili tucheze vita kwa barua, tulipatana kwamba kila chikichi ni askari, ana jina, anakula. Kwenye ubao wangu hapa chikichi zako zote zimekaa chini, hazivuki kitu. Mimi nilipikia jeshi la Wabelgiji, bwana. Jenerali anaelekeza kidole kwenye ramani, kumbe linalotembea ni tumbo.

Andika upya.

Mjomba wako, Uledi

Kigoma, 2 Machi 1972

Mjomba, shikamoo,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ila nimechoka. Hii si vita, mjomba, ni jiko. Ijumaa nzima nimegawia chikichi chumvi, karani mwenzangu akaniuliza kama nimerogwa. Naomba tupunguze kanuni: kila kikosi kiwe na mkubwa wake, aamue mwenyewe mambo ya sufuria. Sisi tuseme waende wapi, basi.

Jambo la pili si mchezo. Wenye mashua wanaotoka kwenu wananong'ona kwamba kutachafuka. Njooni kwangu, wewe, mama Kulthumu, Swedi na binti yake Mwamini. Nafasi ipo.

Mpwa wako, Amuri

Rumonge, 18 Aprili 1972

Mupwa wangu mvivu, amahoro,

Mkubwa aamue mwenyewe! Na mimi nibaki na kazi gani, kufukuza nzi? Kanuni ni zile zile.

Manong'ono yako hata huku yapo, lakini usiogope, mjomba wako amepanga. Mwanangu Swedi iko Magara, kaskazini ya hapa, ananunua samaki, na mashua iko naye. Nimemwapisha: asitoke ufukweni pale mpaka apate neno langu mimi, si la mutu mwingine, hata aje imamu. Neno likifika, anakuja kutuchukua. Kulthumu anakaa mbele na sufuria, mjukuu wangu Mwamini katikati na kuku, mimi nyuma na cherehani. Bado sijaamua kinu kikae wapi. Kulthumu anasema, "Uledi, watu wanapanda mashua tu, wewe unapanga harusi?" Mwanamke huyu hajui vita.

Mjomba wako, Uledi

Kigoma, 7 Mei 1972

Mjomba, shikamoo,

Sijui kama wazima, ndiyo maana naandika. Watu wanafika hapa mikono mitupu. Wanasema vijana wenye mapanga walipita mjini kwenu, kisha wakaja wanajeshi, na sasa wanaume wanapakiwa kwenye malori na hawarudi. Kila mashua ikitia nanga nasimama natazama nyuso.

Acha cherehani. Acha kinu. Pandeni chochote kinachoelea.

Amuri wako

Kagunga, 29 Mei 1972

Amuri mupwa wangu,

Amahoro, kama neno hilo bado lina kazi. Tuko Kagunga, mpakani, upande wenu: mimi, Kulthumu na Mwamini.

Askari walipoingia mtaani, Kulthumu alimshika Mwamini mkono, mimi akanikamata shati, tukatumbukia katika mashua ya jirani yetu Hamisi. Hakuna aliyekaa mahali nilipompangia. Na hakuna aliyepeleka neno Magara.

Swedi bado iko kule. Mutoto wangu namujua, akiapa ameapa. Kila anayepita na kumwambia "twende", atakuwa anamjibu, "Namngoja baba." Hakuna mwingine anayeweza kumtoa pale, kwa sababu mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo.

Nimepata mvuvi atakayenishusha karibu na Magara. Kulthumu amenitukana matusi yote ya Rumonge, na mengine ameyatunga papo hapo, kisha akaenda kunifungia mihogo. Yeye na Mwamini wanakuja kwako. Wapokee.

Mjomba wako, Uledi

Kigoma, 6 Juni 1972

Mjomba, shikamoo,

Mama Kulthumu na Mwamini wamefika salama.

Na Swedi amefika, jana. Alikungoja Magara mpaka mama mmoja asiyemjua alipomtupia mtoto kifuani na kumwambia, "Tuvushe." Mashua ikajaa watu. Akavuka nao ziwa hadi ng'ambo, Zaire, na kutoka huko akaizunguka pwani mpaka hapa. Anasema alikuwa anaogopa utamgombeza.

Ameniuliza uko wapi. Nimemwambia uko Kagunga, unapumzika. Mama Kulthumu alinitazama, kisha akamwekea Swedi chakula.

Rudi, mjomba. Nimeipeleka barua hii kwa wenye mashua wote, hakuna anayekwenda Magara. Kesho asubuhi nitawauliza tena.

Mpwa wako, Amuri