Matofali ya Jeshi la Ishirini

Frogtown, 6 Januari 2025

Baba mpendwa,

Hamjambo wewe na Mama? Goti lake je? Sisi wazima, ila baridi ya huku ughaibuni na usingizi. Nimetoka zamu ya kutunza wazee, macho yanajifunga, na mjukuu wako Mumbi ananing'ang'ania na kazi ya shule.

Mama ameniambia jirani yenu Zadock amebeba tena matofali yako akisema ni yake, na wewe umetafuta panga. Baba, weka panga chini. Mumbi anasoma habari za wanajeshi wa Roma ya kale. Walifinyanga na kuchoma matofali wenyewe, na kabla hayajakauka waliyagonga muhuri wa kikosi chao. Nawe fanya hivyo. Nakutumia mchoro wake uone. Mama anataka ajengewe jiko kabla ya mvua, hataki mume jela.

Binti yako,
Velma

Mudete, 20 Februari 2025

Mwanangu Velma,

Salamu nyingi. Tuko salama, goti la mama yako linalalamika kama mwenyewe. Muhuri nimeuchonga kwa mti wa mpera, sawasawa na mchoro: LEG XX. Zadock hajagusa hata tofali moja.

Shida ni watu. Wameona maandishi, wakasema ni ya wafadhili. Mchungaji anataka ukumbi. Chifu anauliza ofisi ya LEG iko wapi. Akina mama wamepanga foleni kwangu na vitambulisho. Nikisema matofali ni yangu, Zadock anapaza sauti, "Jairus anakula mradi!" Mama yako bado anapikia nje. Nifanyeje?

Baba yako

Frogtown, 2 Machi 2025

Baba,

Poleni huko. Nimecheka mpaka Mumbi akaamka, halafu nikakasirika. Mchoro ulikuwa mfano, Baba! Ungeandika JAIRUS.

Sasa usibishane. Waambie ni kweli, LEG XX ni Jeshi la Ishirini la Roma, na jeshi hilo halikugawia mtu tofali. Askari walichimba udongo na kuukanyaga wenyewe. Anayetaka aje na jembe. Lakini jiko la Mama kwanza. Hapo sisikii mchungaji wala chifu.

Binti yako

Mudete, 19 Machi 2025

Mwanangu,

Hatujambo. Mawingu yamejaa, na mama yako anapikia ndani ya jiko lake jipya.

Nilipotaja jembe, foleni iliisha. Mchungaji alikumbuka ana safari. Amekuja mmoja tu: Zadock, jembe begani, akasema nyumba yake nayo inabomoka. Nilimtazama weee. Kisha nikamwonyesha shimo la udongo.

Yuko humo sasa, matope mpaka mapajani, anauliza jeshi linakula saa ngapi. Mama yako amemjibu kutoka jikoni, "Likimaliza kukanyaga!"

Baba yako