Doa Kwenye Boneti ya Baba

Nyumbani kwa kaka yako,
Jumapili jioni, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio hapo kwako. Mgongo unaendeleaje? Na ile baridi ya huko, imekuachia kidogo? Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ila siku hizi ananisemesha kwa mkato, na sababu utaiona.

Ningeweza kupiga simu, lakini nimeshindwa kuikabili sauti yako. Baba alikuambia kwamba upasuaji haukufaulu, ukalia. Shangazi, jicho limepona. Tatizo ni mimi.

Baba alipokwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, nilitaka akirudi akute kitu kizuri cha kutazama. Unajua anavyolipenda lile gari lake la buluu. Lilikuwa limefubaa na kujaa mikwaruzo, naye kwa ukungu wa jicho hakujua, maana lile jingine nalo ni bovu tangu zamani. Mimi hata viatu vyangu sijui kuving'arisha, lakini nilitazama video mbili tatu kwenye simu, nikajiona fundi.

Jirani yetu, fundi rangi wa magari, aliniazima mashine ya kung'arishia, ile yenye sifongo linalozunguka.

"Usiikalishe mahali pamoja," alinionya. "Utaunguza rangi."

Nikamwitikia ndiyo, ndiyo, huku nimeshaondoka.

Milango ilitoka vizuri mno. Nilijiona uso mzima humo, kichwa kikavimba. Kwenye boneti kulikuwa na mkwaruzo mmoja mkaidi, nikaukandamiza na mashine. Nikasikia harufu ya kuungua. Nilipoinua mkono, buluu haikuwepo. Palikuwa na doa jeupe la kijivujivu, upana wa kisahani, kingo zake zimefifia kama moshi. Nilivyozidi kusugua ndivyo lilivyozidi kuonekana.

Kesho yake Baba alirudi, bandeji imetolewa. Mama alipitiliza jikoni. Baba akasimama mbele ya gari. Akafumba jicho hili, akafumba lile. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ukungu ukibaki, huenda jicho lisirudi kama zamani.

"Limeng'aa," akaniambia. "Asante, mwanangu."

Kisha akaingia ndani taratibu, akipapasa ukuta.

Nilielewa papo hapo kwamba amedhani doa lile ni wingu lililo jichoni mwake. Nilijiambia nitamwambia akishapumzika, lakini badala ya kupumzika akakupigia wewe. Nilikuwa uani nasikia kila neno, nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyenituma kuvimenya.

Asubuhi alimwambia Mama gari litafutiwe mwenyewe mwingine, yeye hataendesha tena. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamshika mkono hadi nje, nikauweka juu ya doa.

"Baba, si jicho. Ni mimi nimeunguza rangi."

Akainama. Akafuata ukingo kwa kidole, polepole, mpaka akauzunguka wote.

"Hapa linaishia?"

"Ndiyo."

"Na hapa linaingia ndani kidogo?"

"Ndiyo, Baba. Umeona sawasawa."

Akaketi kwenye ngazi, akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Alipotulia aliniuliza, bila ukali wowote, "Na jana, uliponiona nakwenda nikipapasa, ulikuwa unafikiria nini?"

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuifuta milango iliyokwisha kung'aa. Hajanifokea, Shangazi. Laiti angenifokea.

Jirani amekubali kuipaka boneti upya, na mimi nitamsaidia kazi za karakana kila Jumamosi. Lakini Baba amesema tusubiri kwanza. Kila asubuhi anatoka na chai yake, analitazama lile doa, anatabasamu peke yake. Mimi wakati huo najificha jikoni.

Atakupigia mwenyewe akueleze anavyoona. Nimemwomba angoje barua hii ikufikie, ujue kutoka kwangu. Nisamehe kwa machozi yako.

Msalimie mumeo na binamu zangu wote, na yule mdogo umbusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde na akupunguzie maumivu ya mgongo.

Mimi mtoto wa kaka yako,
nikupendaye ingawa natazama chini.