Maziwa Yaliyochujwa

9 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko kazini. Sisi huku wazima, mimi na mjukuu wangu Kifungo, isipokuwa sikio langu la kulia limeamua kustaafu kabla yangu. Miaka arobaini ya cherehani si mchezo. Kwa hiyo usijisumbue na simu, maana nasikia mlio tu na kuitikia "ndiyo, ndiyo" kwa mambo nisiyoyajua. Tuandikiane. Dereva anapita kila mwezi na lori lake, na amekubali kubeba barua pamoja na mzigo.

Mzigo wenyewe umefika, pakiti zote za maziwa ya soya, hakuna iliyopasuka. Siku nne za kwanza baada ya wewe kuondoka binti yako alinitafuta kifuani, akidhani ziwa lako nimelirithi mimi. Siku ya tano alikubali kikombe. Sasa anakunywa asubuhi na jioni, wala midomo haivimbi na hatapiki, kama alivyofanywa na maziwa ya ng'ombe. Nyama na samaki unajua havijaingia katika sufuria za nyumba hii tangu enzi za bibi yangu, kwa hiyo maziwa haya ndiyo tegemeo letu.

Ila hao wenye kiwanda hawajui usafi. Chini ya pakiti kuna unga mweupe umelala, mwembamba kama vumbi la chaki yangu ya kukatia. Usitie shaka, nimeshapata dawa yake. Naacha pakiti itulie, namimina polepole, halafu nachuja kwa kitambaa cha bitana, kile laini kuliko vyote. Yanatoka safi kabisa. Kifungo mwenyewe akiona kikombe anasema, "Chuja, bibi." Miaka miwili na nusu tu, na tayari anaongea kama fundi.

Kula vizuri. Usilale na nguo za kazi.

Mama yako


2 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima, ila miguu inawaka moto. Chumba cha kufulia cha hospitali hii kiko chini kabisa, hakina dirisha, na mashuka hayaishi. Napiga pasi na kukunja, napiga pasi na kukunja, hadi usingizini mikono inakunja blanketi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, mashine moja inazunguka na nyingine inalia, kwa hiyo nisamehe kama kuna jambo nimeliruka. Mkataba hauniachii kabla ya Desemba.

Kuna dada wa lishe huleta makoti yake tuyafue. Nilimweleza habari ya mtoto asiyekula nyama wala samaki, na maziwa ya ng'ombe yanamdhuru. Alikunja uso kidogo. Akaniambia mtoto wa namna hiyo anaweza kukua vizuri tu, mradi mifupa yake ipate kalsiamu kila siku. Ikikosa haitoi sauti, alisema, unakuja kujua baadaye. Mama, hilo neno limenikaa moyoni.

Basi nakuomba. Vikombe viwili vya maziwa ya pakiti kila siku bila kukosa, maana haya ninayotuma yameongezwa kalsiamu. Ufuta uusage laini, uutie kwenye uji. Maharage. Mboga za majani za kila aina, usitegemee mchicha peke yake, kwa sababu mchicha huibana kalsiamu yake na mwili hauipati. Na atoke nje asubuhi apate jua, asikae chini ya cherehani siku nzima.

Nitumie picha yake.

Binti yako


28 Machi

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia u mzima. Sisi pia wazima, namshukuru Mungu.

Maagizo yako nimeyapokea, ingawa nilikulea wewe bila dada wa lishe na unabeba mashuka ya hospitali nzima. Ufuta ulimpalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, nikaacha. Mboga anazitema kwa ustadi, zinafika hadi kwenye kapu la vifungo. Maharage anakula manne, la tano ananilisha mimi. Lakini maziwa hapo sina utani. Vikombe viwili, safi, kila siku.

Amekuwa mvivu wa kutembea. Tukitoka, hatua ishirini tu anataka kubebwa, na usiku analalamika miguu. Nadhani kamrithi baba yake, ambaye hata siku ya kutuacha hakuondoka kwa miguu, alipakiwa pikipiki ya mtu. Yule fundi viatu wa mlango wa tatu kanikera sana. Nimempelekea viatu vya Kifungo, akavigeuza juu chini, akaniambia vimelika upande wa nje tu, na cha kushoto zaidi. Akaniuliza, "Mtoto huyu anasimamaje?" Nikamwambia atazame misumari yake, mtoto atatazamwa na nyumba yake. Tangu siku hiyo hatusalimiani.

Picha hiyo hapo. Gauni la njano nimelishona mwenyewe, refu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Angalia pindo lilivyokaa.

Mama yako


30 Aprili

Mama, shikamoo. Habari za sikio?

Picha nimeibandika juu ya meza ya pasi. Wenzangu wote wameniambia ana bibi anayejua kushona. Gauni limenyooka, na yeye ndani yake amenyooka. Nikiitazama moyo unatulia.

Lakini maneno ya fundi viatu hayajanitoka. Ukinipenda, mpeleke kliniki wamtazame miguu. Na mpime urefu, uniandikie.

Lingine ni la kitoto, usinicheke. Gauni hilo likimbana, nitumie. Lisifue. Nataka harufu yake.

Binti yako


17 Julai

Mwanangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Msimu wa sare za shule ulinishika koo, nimeshona hadi vidole vikaota sugu juu ya sugu. Sisi hatujambo. Kifungo anakusalimu, ametimiza miaka mitatu na alikula keki isiyo na maziwa, pua nzima ikawa nyeupe.

Kliniki tutakwenda. Foleni yake inaanza alfajiri, na mtoto wa kubebwa ana uzito wake. Urefu nimempima. Tepu imetoa namba ileile ya Januari. Tepu yangu imechakaa, inavutika, siiamini tena. Nitanunua nyingine kisha nitakuandikia.

Gauni hilo hapo. Harufu ipo yote, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nakuomba jambo moja tu. Usilipige pasi, wala usilikunje kwa ile mikunjo yenu ya hospitali. Lilaze hivyohivyo.

Mama yako


6 Septemba

Mama, shikamoo.

Siulizi hali leo. Nimekupigia simu asubuhi hii, ukaitikia "ndiyo, ndiyo" tu, kwa hiyo naandika moja kwa moja.

Nililiweka gauni chini ya mto bila kulikunja, kama ulivyoniambia. Wiki tatu sikuligusa. Jana nilitandika kitanda, na bila kuwaza nikalikunja. Mkono wangu haujui njia nyingine. Nililikunja katikati, mshono wa kulia juu ya mshono wa kushoto, na mapindo hayakukutana. Nilidhani nimekosea. Nililipeleka kazini, nikalitandaza juu ya meza, nikalipiga pasi. Upande wa kushoto umepungua kidole kizima. Si kwa kufinyaa. Umekatwa hivyo, kwa mkasi, na pindo likakunjwa vizuri.

Mama, wewe hukosei. Tangu nizaliwe sijaona nguo imetoka mkononi mwako imepinda. Ulilikata gauni likiwa pogo ili juu ya mtoto aliyepinda lionekane limenyooka. Uliona mguu wake. Uliuona kabla ya fundi viatu, ndiyo maana ukamkasirikia. Na mimi nikakaa huku nikiitazama picha na kutulia.

Usiku nilizitoa barua zako zote, nikazisoma nikiwa nimekaa, neno kwa neno. Nikafika kwenye ile ya Januari. Kitambaa cha bitana. Nilisoma mara tatu. Asubuhi nilimsubiri dada wa lishe mlangoni, nikamsomea. Alishika kichwa. Unga huo si uchafu. Huo ndio kalsiamu yenyewe. Wanautia kiwandani, na kwa kuwa ni mzito unazama chini ya pakiti. Pakiti hutikiswa kwanza, kwa nguvu, ndipo mtu amimine. Wewe ulikuwa unampa maji ya soya, na mifupa yake ulikuwa unaikung'uta nje.

Siandiki kukuhukumu. Uliniambia tangu barua ya kwanza, na mimi nikaipita nikikimbilia mashine. Kosa tumelibeba wote wawili. Lakini leo, ukimaliza tu kusoma hapa, weka kitambaa hicho mbali. Tikisa. Usichuje tena hata tone. Kisha mbebe umpeleke hospitali, na umwambie daktari habari yote, usifiche.

Binti yako


9 Septemba

Mwanangu,

Salamu. Lori la dereva limekufa injini, liko gereji, na toka Julai nilipokuandikia sijapata barua yako. Hii nampa mama muuza vitenge anayesafiri kuja huko.

Kifungo ameanguka. Usishtuke, yuko hai, anaongea. Alikuwa kwenye kizingiti cha mlango wangu, kile kingazi kimoja tu, hata kuku huruka. Alishuka, mguu wa kushoto ukamkatikia chini yake. Nilisikia kwa sikio hili bovu. Sasa ana plasta kuanzia pajani.

Daktari alipiga picha, akaitazama sana. Akasema mifupa ni laini, na miguu yote imepinda, wa kushoto zaidi. Akaniuliza anakula nini. Nikamwambia nyama hapana, samaki hapana, ila maziwa yenye kalsiamu vikombe viwili kila siku, hajawahi kukosa hata mara moja, namwapia Mungu. Akashangaa. Akasema basi tumwongezee, viwe vitatu, na tusubiri majibu ya damu.

Mwanangu, nina la kukuambia. Mguu nilikuwa nauona. Tangu Machi nilikuwa naona gauni linaning'inia upande mmoja. Nikajisemea atanyooka akikua, kwa nini nikutese na uko mbali, hata ruhusa ya kuja huna. Nikakata kitambaa kumfuata yeye. Kila mwezi nilipunguza kidogo zaidi. Niliona aibu, fundi mzima ninaficha kitu chini ya pindo.

Sasa nimejirekebisha. Nampa vikombe vitatu. Na kwa kuwa mwili wake ni dhaifu, sitaki uchafu wowote umfikie. Nimekunja bitana mbili pamoja, nachuja mara mbili.

Mama yako


20 Oktoba

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe sita Septemba nimeipata leo asubuhi. Dereva aliileta mwenyewe, akaomba radhi kwa kuchelewa. Na ile yangu ya tarehe tisa mama muuza vitenge ameirudisha, hakukupata, naiweka humu pamoja na hii.

Nilisoma, nikaenda mlangoni. Unajua pale kwenye kizingiti ndipo ninapokung'uta kitambaa kila siku. Saruji yake imekuwa nyeupe, miezi yote hii naiona nikidhani ni vumbi la chaki. Ndipo alipoangukia. Nilikaa hapo mpaka jua likanichoma kichwa. Yule fundi viatu alikuja akakaa kando yangu, nikamwambia yote. Kisha yeye ndiye aliyetubeba hadi hospitali.

Daktari nimemweleza bila kuficha. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Amempa dawa ya maji, akasema akila na kunywa inavyotakiwa mifupa inaweza kunyooka polepole, ni miaka, si miezi. Akinywa, alisema. Alirudia hilo neno mara mbili.

Bitana nimezitia jikoni, zimeungua. Nimetikisa pakiti mpaka bega likauma, nikammiminia Kifungo kikombe mbele ya macho yake. Alikitazama. Aliona weupe unazunguka ndani, akakisukuma mbali, akafunga mdomo kwa mikono yote miwili. Nilimwambia, kunywa mjukuu wangu, ni mazuri. Nilikunywa mimi kwanza. Nilimbembeleza, nikamwimbia, nikalia. Dawa pia ni nyeupe, na yenyewe aliitema.

Njoo, mwanangu. Vunja mkataba, sema mimi nimekufa, watakuruhusu. Mimi hatanisikiliza, kwa sababu nimemfundisha vizuri. Hadi sasa ninapoandika kikombe kiko mezani kimejaa, na yeye kitandani na plasta yake ananitazama kwa huruma, anasema, "Kichafu, bibi. Chuja."

Mama yako