Mabutu ya Raheli

Yusrah, Raheli kakatwa nywele na mama mkwe wake! Mama mkwe wake!

Unajua tangu ajifungue hana muda. Jumamosi anaosha, anapaka mafuta ya nazi, anasuka mabutu manne, basi mpaka wiki ijayo.

Leo kasinzia mkekani akinyonyesha. Yule mama kachukua mkasi, kakata mabutu yote. Yote!

Raheli kaamka, kashika kichwa. "Mama, nimekukosea nini?"

"Mzazi hajipambi. Unampambia nani?"

Na mumewe Emanueli yupo, Yusrah, anatazama! Kacheka, kasema, "Si zitaota tu?"

Raheli hakulia. Kambeba mwanawe, kapanda basi la Kilosa, karudi kwao Chanzuru na kichwa wazi vilevile.

Emanueli kakaa kibarazani, anamsubiri arudi apike.