Kopo Ulilonifungia

Shemeji,

Injini ya gari langu ilikufa Jumanne, saa nne na robo asubuhi, nikipanda mlima na abiria watatu. Salamu utanisamehe, sina.

Nilikuomba unifungie kopo la kunasa mvuke wa oili, basi. Kopo lina midomo miwili, mmoja wa kupokea mvuke wa injini, mwingine wa kuutoa. Fundi aliyenivuta amekuta ule wa kutolea umezibwa kwa boliti na gundi. Injini ikakosa pa kupumulia, ikasukuma oili yote nje kupitia sili, ile mipira ya kuzuia uvujaji, ikakauka. Imedumu siku kumi na moja na kopo lako, baada ya miaka tisa bila kuvuja hata tone.

"Nani kakufungia hivi, adui yako?" fundi akaniuliza.

"Kaka wa mke wangu."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Dada yako hacheki. Umempigia simu ukamwambia mimi ndiye niliyeziba, naye amekuamini. Tangu juzi analala chumba cha watoto.

Pole yako sitaki. Uliziba wewe, au hukuziba? Mjibu yeye, kwa mdomo wako, kabla ya Jumamosi saa sita mchana.

Mume wa dada yako, mpaka sasa.