Mbuzi wa Majabali na Udi wa Bibi Harusi

Ansab, Maskati
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Asalamu alaikum Shangazi yangu, nuru yangu,

Natumai mguu umetulia na sukari haijapanda. Mimi ni mzima, na ukitaka kujua uzima umefika wapi, mashavu yamenijaa. Ninakuandikia badala ya kukutumia sauti kwa kuwa sikio lako na simu hazipatani, na pia mama mkwe yupo sebuleni.

Nimeolewa tangu mwisho wa Agosti, na bado nikisikia gari la Sleyum linaingia moyo unanidunda kama nimeitwa ubaoni. Juzi alinipeleka kwenye mabwawa ya hapa Ansab kutazama heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi. Akanionyesha kwenye kamera jicho la mmoja wao, la manjano, limekaa peke yake kama kito. Akasema, “Napenda kumpiga picha kwa sababu hajui kuwa mzuri.” Sijui kama alikuwa anamsema ndege. Mimi neno hilo nililichukua kuwa langu.

Sasa sikiliza taabu yangu. Mapumziko ya huku ni Ijumaa na Jumamosi. Kila Alhamisi akitoka kazini, Sleyum anabadilisha nguo na kwenda majabali ya upande wa Qurayat kumtafuta mbuzi wa majabali. Si mbuzi wa kufugwa, Shangazi. Ni wa porini, mwenye manyoya marefu miguuni, na wamebaki wachache. Anaitaka picha yake kwa maonyesho ya picha kule Qurum, na ukutani wameshamwekea nafasi. Ameniahidi kwamba siku atakayoipata, Ijumaa zote zitakuwa zangu.

Hajaipata. Nimeolewa na mume ninayemgawana na mbuzi nisiyepata hata kumwona.

Ninafanya kama ulivyonifunda. Alhamisi natia mkaa kwenye chetezo, naweka udi, nafukiza shati na suruali mpaka moshi unaingia kwenye nyuzi. Yeye anasimama kimya juu ya chetezo kama mtoto anayevishwa nguo za Idi. Anatoka ananukia, anarudi mikono mitupu, kanuna. Niambie nifanye nini.

Mwanao akupendaye,
Hamdiya

* * *

Unguja
Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mwanangu Hamdiya,

Waalaikumu salaam. Mguu unauma kama ada yake. Nna habari zako zote, nimezisoma mara mbili kwa miwani.

Kwani tulikuoza kwa mume au kwa mchungaji? Haya, mbuzi ndiye aliyempenda, tumwachie Mungu. Lakini wewe unafukiza kidogo. Wasichana wa leo mnapitisha chetezo kama mnawapitishia wageni sinia la biskuti. Fukiza na blanketi. Fukiza na begi la kamera, na hicho kitambaa cha kufutia kioo. Mpake na mafuta ya udi nyuma ya masikio. Upepo wa jabalini ukimpiga akunuse wewe, atashuka mbio.

Msalimie mama mkwe. Usile wali usiku.

Shangazi yako na somo yako aliyekufunda,
Masouda

* * *

Ansab
Jumapili, 3 Novemba 2024

Shangazi mpenzi,

Asalamu alaikum. Hapa baridi imeanza kuja na mimi sina homa wala mafua, lakini sina raha. Wewe mguu vipi?

Nimefukiza kila kitu. Nimefukiza mpaka viti vya gari. Mbuzi haji. Sleyum anasema anakaa kwenye kibanda cha mawe karibu na chemchemi kuanzia alfajiri mpaka jua linapinda, na kinachokuja ni ndege na punda wa watu. Zamani, kabla hatujaoana, alikuwa akiwaona kwa mbali karibu kila safari. Sasa hata mavi yao hayaoni yakiwa mabichi. Aliponiambia hivyo alinitazama kidogo, akafunga mdomo, akaomba chai.

Lakini hilo silo linalonikosesha usingizi. Jana nilichukua shati lake nilifue. Nikalinusa kwanza, unajua nilivyo. Shangazi, halikuwa na udi hata chembe. Shati nililolifukiza mwenyewe mpaka nikakohoa. Lilikuwa linanuka sabuni ya vipande, na chini ya sabuni kama zizi.

Nani kamfulia mume wangu shati jabalini?

Nilimuuliza, “Umeoga huko?” Akasema, “Kidogo.” Mtu anaogaje kidogo?

Nimelia bafuni, bomba likiwa wazi. Nampenda mpaka nachukia, Shangazi.

Mwanao,
Hamdiya

* * *

Unguja
Jumanne, 5 Novemba 2024

Hamdiya mwanangu,

Waalaikumu salaam. Niache mimi na mguu wangu, tuzungumze yako.

Mwanamume anayeoga kabla hajafika kwake, mimi nimewaona, na hawakuwa wakitoka kwa mbuzi. Usimuulize, ukimuuliza atajipanga. Tazama ndani ya gari. Tazama alikoficha. Na udi usipunguze, ongeza. Kama yuko wa kuuosha, achoke kuosha.

Nakuombea.

Shangazi yako,
Masouda

* * *

Ansab
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Shangazi,

Asalamu alaikum. Natumai hujambo. Mimi leo sijui kama ni mzima au nimekasirika tu.

Alhamisi, Sleyum yuko bafuni, nilifungua buti la gari. Nikakuta mfuko mweusi umefungwa mafundo. Ndani mlikuwa na suruali na shati nisilolijua, na juu yake mavi makavu ya mbuzi yamemwagwa kama mtu anavyomwagia chumvi samaki. Nilikaa chini palepale barazani na mfuko mapajani.

Wakati ule likasimama gari la mlinzi wa hifadhi anayempandisha jabalini, Marhoon. Ni mtu mzima aliyekulia Tabora, anazungumza Kiswahili cha bara. Akateremsha kioo, akanisalimu, akasema, “Wewe ndiye bibi harusi. Nimekujua kwa harufu toka kona ile.” Nikamuuliza harufu gani. “Udi, mama. Mumeo akipanda tu, mbuzi wanahama bonde. Mnyama yule ananusa mtu toka ng'ambo ya korongo. Nimemwambia Sleyum amwambie mkewe, anasema hawezi. Basi anajisugua kwa sabuni mtoni, na shati lake analifua hukohuko, anavaa nguo nilizozilaza zizini kwangu. Lakini blanketi je? Na begi?”

Sleyum akatoka na taulo shingoni, akaniona na mfuko. Nikamwambia, “Nilidhani una mwanamke.”

“Mwanamke wa wapi, kule kuna mawe.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Akatazama chini. Unajua alichojibu? “Somo yako aliniita pembeni siku ya harusi. Alisema, siku utakayoukataa udi wa mke wako, umemkataa yeye. Sasa mimi ningeanzia wapi?”

Kwa hiyo, Shangazi, ulimfunga yeye mdomo, ukanifungua mimi mkono, na kila nilipokulalamikia ukaniambia niongeze. Miezi miwili na nusu mume wangu anakaa juani kwa ajili ya picha, na mimi ninamfukuzia mbuzi kwa mikono yangu. Na Ijumaa zangu nimejinyima mwenyewe.

Sikufukiza. Ameondoka hana harufu yoyote. Nilimfungia mlango nikajiona kama nimemtoa nje bila nguo.

Mwanao,
Hamdiya

* * *

Ansab
Jumamosi, 30 Novemba 2024

Shangazi,

Asalamu alaikum. Naona umesoma na hukunijibu. Kama nimekukosea adabu nisamehe, lakini niliyoyaandika ni kweli. Niambie japo habari za mguu.

Blanketi nimelifua na kulianika kwenye paa mara tatu, bado linanukia. Wiki hii waliwaona mbuzi wawili, mbali sana, kwenye picha ni kama nzi ukutani. Sleyum amerudi anacheka peke yake. Nimemwambia na mimi nataka kwenda.

Mwanao,
Hamdiya

* * *

Unguja
Jumatatu, 2 Desemba 2024

Hamdiya,

Waalaikumu salaam. Sikukasirika. Mguu ni uleule.

Nimewafunda mabibi harusi wa mtaa mzima, na hapana hata mmoja aliyeolewa na mtu anayejificha mnyama asimnuse. Ningejuaje? Mwambie Sleyum ile kauli nimeifuta. Akikataa udi siku za jabali, hajakukataa.

Ukienda huko vaa viatu vya kufunga. Na usizungumze, najua ulivyo.

Shangazi yako,
Masouda

* * *

Ansab
Alhamisi, 19 Desemba 2024

Shangazi yangu, kipenzi changu,

Asalamu alaikum. Mungu akupe afya, na mguu nao akupunguzie. Mimi mzima, magoti tu yamechubuka.

Ijumaa iliyopita nilikwenda. Nilivaa nguo za zizini kwa Marhoon, nikajifunga mtandio uliofuliwa kwa maji matupu. Tuliingia kwenye kibanda cha mawe kabla jua halijatoka, mimi na mume wangu bega kwa bega, na nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka nikasikia tumbo lake linaunguruma.

Akaja. Jike, na mtoto wake nyuma. Aliteremka ukuta wa jabali kama sisi tunavyoteremka ngazi, akasimama kwenye maji, akainua uso upande wetu. Hakutuona. Shangazi, sijui nikuelezeje. Kila kitu nilichokipenda maishani nimekitaka kinijue, kininuse, kinirudie. Yule hakuwa na habari na mimi kabisa, na nikampenda vilevile, machozi yakanitoka. Alikunywa, mtoto akanywa, wakapanda wakapotea.

Nikageuka kumwambia Sleyum, “Umepata?”

Kamera ilikuwa mapajani. Alikuwa ananitazama mimi.

“Sikupiga,” akasema. “Nilikuwa natazama uso wako.”

Siku nyingine ningezimia kwa furaha. Nilitaka kumpiga na jiwe. Tangu harusi namlilia mtu anitazame, ananitazama saa ya mbuzi. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha, na yeye anaendesha anatabasamu kama kashinda kitu.

Watu wa maonyesho wanapokea picha mpaka Jumapili hii. Leo ni Alhamisi yake ya mwisho. Mimi siendi, maana nikienda hatampiga mbuzi picha. Nimemfungia chakula, nimempa nguo zake za zizi, begi nimelinusa kila mfuko. Marhoon anapiga honi nje.

Na Sleyum kakaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni, anasema labda mbuzi basi, labda tubaki tu, tuagize chakula. Nimemwambia inuka. Nimemsukuma mpaka mlangoni, Shangazi, na hataki kutoka.

Mwanao,
Hamdiya